Binti Anayesinzia Chuoni



Wiki mbili zilizopita, baada ya darasa la akina mama la Alasiri, bibi mmoja alibakia nyuma wenziwe walipokwisha kuondoka. Alitaka kunieleza habari za bintiye wa miaka 14. Binti huyo mpaka mwaka juzi alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, tena akiamka kwa adhana bila ya kuitwa. Sasa husinzia kila mahali: skuli, chuoni, juu ya mswala, hata kijiko ki mkononi. Usiku hulala mapema, na simu hana. Lakini hilo silo lililomleta mama kwangu. Lililomleta ni kwamba binti akicheka sana, kidevu humshuka kifuani na magoti humlegea, na mara mbili ameanguka chini kama kanga iliyoponyoka kambani, akisikia kila linalosemwa juu yake asiweze kujibu neno. Baada ya dakika moja huinuka mzima. Na baadhi ya usiku, ndiyo kwanza anaingia usingizini, humwona mtu mweusi amesimama mlangoni, ilhali yeye mwenyewe hawezi kusogeza hata kidole.

Nyumbani hukumu tatu zilikuwa zimekwisha kutolewa. Shangazi alisema ni uvivu wa mabinti wa siku hizi. Maalim wake wa chuoni alisema ni dharau, na fimbo ikatumika. Nyanya akasema ni pepo, na mganga akaagizwa, akataja bei yake na aina ya ubani autakao. Mama alikuwa na fedha hizo mkobani. Akaniuliza, "Maalim, nimpeleke akapungwe, au nimpeleke wapi?"

Kabla ya kuyaandika niliyomjibu, nakiri la kwangu. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kusomesha nilikuwa na mvulana aliyesinzia kila siku baada ya Adhuhuri. Nilimsimamisha kwa mguu mmoja mbele ya wenziwe, nikaona nimepata dawa, kwani nani awezaye kusinzia naye yu mguu mmoja? Siku ya tatu alianguka, kipaji cha uso kikagonga nguzo. Mama yake alikuja jioni, wala hakunigombeza. Alinisalimia kwa heshima, akamchukua mwanawe, na hakumrudisha tena. Heshima ile ndiyo iliyoniuma, nayo ndiyo iliyonifanya, miaka baadaye, niyasome yote yaliyonifikia mkononi juu ya usingizi na ubongo. Leo napenda kuyaeleza baadhi yake, maana nahisi bibi yule si peke yake mwenye binti wa namna hii.

Tuanze na swali linaloonekana la kitoto. Usingizi ni nini? Wengi wetu twauona kuwa ni taa iliyoishiwa mafuta: mtu huchoka, mwanga hufifia, kiza huingia. Ikiwa ndivyo, basi asinziaye mchana ama amechoka, ama hataki kuwa macho, na dawa yake ni kupumzika au kuchapwa. Hata matabibu wa Ulaya waliamini jambo lililo karibu na hilo mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita.

Aliyeitikisa dhana hiyo ni tabibu wa Vienna aitwaye Constantin von Economo. Katika majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917, vita vikuu vya kwanza vikiendelea, hospitali za mji huo zilianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Wengi wao walilala tu. Walilala chakula ki mdomoni. Ukimwamsha mmoja alikujibu kwa akili timamu, kisha akarudi usingizini, na hali hiyo ikaendelea majuma kwa majuma. Lakini wachache walipatwa na kinyume chake, wasipate hata lepe la usingizi, usiku wala mchana. Maradhi ni mamoja, uvimbe wa ubongo, naye huyu haamki na yule halali.

Von Economo alizichunguza bongo za waliokufa, na alichokiona kilikuwa na mpango. Chini kabisa ya ubongo, juu kidogo ya kaakaa na nyuma ya macho, iko sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ukubwa wake kama punje ya lozi. Waliolala mno walikuwa na jeraha nyuma ya sehemu hiyo, pale inapopakana na shina la ubongo. Waliokosa usingizi jeraha lao lilikuwa mbele. Kwa hiyo katika kitu cha ukubwa wa lozi mna mahali panapomweka mtu macho na mahali panapomlaza. Kuwa macho ni kazi inayofanywa na sehemu maalumu, na kulala nako ni kazi inayofanywa na sehemu nyingine. Fundi akikosekana mahali pake, mwenye mwili hana la kufanya, hata awe na hima namna gani.

Tabibu huyo aliongeza dhana moja ambayo wengi hawakuitilia maanani. Mwaka 1880 daktari wa Kifaransa, Gélineau, alikuwa amemweleza mfanyabiashara wa mapipa wa miaka 38 aliyeshikwa na usingizi wa ghafula mara nyingi kwa siku, na ambaye akicheka kwa nguvu, au akitarajia faida nzuri, miguu humwishia nguvu. Gélineau aliyapa maradhi hayo jina la narkolepsi. Von Economo akasema kwamba huenda watu wa namna hiyo, wasio na homa wala uvimbe, wana kasoro mahali pale pale pa nyuma. Hakuwa na chombo cha kulithibitisha hilo, akafariki mwaka 1931.

Kazi iliendelea kwa wengine. Mwaka 1949 Giuseppe Moruzzi wa Italia na Horace Magoun wa Marekani walionyesha kwamba ukichochea kwa umeme mdogo kiini cha shina la ubongo la paka, mawimbi ya ubongo wake hubadilika mara moja kutoka ya usingizi yakawa ya aliye macho. Tangu hapo yamejulikana makundi kadhaa ya seli yanayotuamsha kwa kutoa kemikali zao. Moja ya kemikali hizo, inayotoka nyuma ya haipothalamasi, ni histamini. Akina mama wote wanaifahamu pasi na kujua: ile Piriton tunayompa mtoto mwenye mafua au mwasho humlaza kwa sababu huizuia histamini, na haibagui ya puani na ya ubongoni. (Na hapa niseme la pembeni: dawa hiyo haikutengenezwa ili mama apate nafasi ya kupika. Mtoto asipewe kwa ajili ya kumlaza.)

Sasa wafikirie watoto wakicheza mchezo wa kuvuta kamba. Upande mmoja ni seli za kuamsha, upande wa pili ni seli za kulaza zilizo mbele ya haipothalamasi. Kila upande kazi yake ni kuunyamazisha mwingine. Mchezo huu una tabia yake: upande mmoja ukizidiwa kidogo tu, huburutwa wote. Ndiyo maana sisi hatukai nusu macho, nusu usingizini kwa muda mrefu. Lugha yetu ina neno mang'amung'amu kwa ile hali ya katikati, nalo ni neno la dakika chache. Baada yake mtu ama amezinduka, ama amelala fofofo.

Ni nini kinachoamua kamba iende upande gani? Mambo mawili yanajulikana vyema. La kwanza ni kitu kiitwacho adenosini. Ubongo ukifanya kazi huchoma nguvu, na kuchoma huko huacha adenosini kama vile makaa yanavyoacha jivu katika seredani. Kadiri tunavyokesha jivu huzidi, moto hupungua. Tukilala, seredani husafishwa. Kahawa chungu ya barazani haiondoi jivu hata chembe. Kafeini yake huenda ikakikalia kiti ambacho adenosini ingekikalia, na kwa saa chache ubongo hausikii uchovu wake. Kafeini ikiondoka, adenosini yote iliyokuwa ikingoja huketi kwa pamoja. Nusu ya kafeini ya kikombe kimoja aghalabu huwamo mwilini hata baada ya saa 5, basi anayekunywa baada ya Isha asimlaumu mbu.

La pili ni saa. Mbele ya haipothalamasi, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, mna seli kama 20,000 zinazohesabu mzunguko wa takriban saa 24, nazo hurekebishwa kila siku kwa mwanga uingiao machoni. Giza likiingia, saa hii huamrisha melatonini itolewe, na mwili hujiandaa kulala. Mwanga mkali wa usiku, na ule wa simu iliyo karibu na uso, huichelewesha. Na katika umri wa kubaleghe saa hii yenyewe husogea mbele, hata kijana asihisi usingizi mpaka usiku umekwenda, na asubuhi awe mzito kama gogo. Nalisema hili kwa sababu vijana wetu wengi wanaosinzia hawana maradhi yoyote. Wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walipendekeza saa 8 hadi 10 za usingizi kwa wenye miaka 13 mpaka 18. Mhesabie mwanao: ameamshwa Alfajiri, gari la skuli limempitia kabla jua halijapanda, amerudi akaenda chuoni, amefanya kazi za skuli, kisha akalala saa 5 ya usiku. Huyo ananyimwa, naye hulipa deni lake mbele ya msahafu.

Lakini binti wa bibi yule hakunyimwa. Hulala saa 3 ya usiku. Kwa hiyo tuirudie kamba.

Wachezaji hodari huwa na mtu mzito anayekaa mwisho, amejifunga kamba kiunoni. Yeye havuti sana, bali huzuia upande wake usiburutwe kwa kila mtikisiko. Kwa upande wa kuwa macho, mtu huyo yuko, na kujulikana kwake ni jambo la juzi. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti wa Marekani, kila moja kwa njia yake, yalitangaza kupata kemikali moja. Kundi la Texas, lililoongozwa na Mjapani Masashi Yanagisawa pamoja na Takeshi Sakurai, liliiita oreksini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya hamu ya chakula, kwani panya waliotiwa kemikali hiyo ubongoni walikula zaidi. Kundi la California liliiita hipokretini. Majina yote mawili yangali yakitumika. Nalishika la kwanza kwa kuwa ni jepesi ulimini.

Mwaka uliofuata Yanagisawa na wenziwe walizalisha panya wasio na oreksini. Mchana hawakuonyesha kasoro. Lakini panya ni mnyama wa usiku, na kamera zilipowekwa gizani watafiti waliwaona wakikimbia, kisha ghafula wakianguka na kulala kimya, halafu wakiinuka na kuendelea na shughuli zao. Mwaka huo huo wa 1999, katika chuo kikuu cha Stanford, Emmanuel Mignot alikamilisha kazi ya miaka mingi juu ya mbwa waliozaliwa na narkolepsi. Mbwa hao wakitiliwa chakula wakipendacho, au wakicheza, furaha yenyewe huwaangusha. Mignot aligundua kwamba kwao oreksini ilikuwapo, ila kipokezi chake kimeharibika: ufunguo upo, kitasa kimevunjika.

Mwaka 2000 ukaja uthibitisho kwa binadamu. Katika bongo za watu waliofariki wakiwa na narkolepsi, seli zitengenezazo oreksini, ambazo kwa mtu mwenye afya ni makumi ya maelfu tu kati ya mabilioni ya seli za ubongo, zilikuwa zimepungua kwa asilimia 85 hadi 95. Na makazi ya seli hizo ni ubavuni na nyuma ya haipothalamasi, katika eneo lile lile alilolitaja von Economo. Rai yenye nguvu hivi leo ni kwamba askari wa mwili wenyewe, wanaopigana na vijidudu, hukosea wakazishambulia, na aghalabu hutokea baina ya utoto na ujana. Huko Ulaya na Marekani wenye maradhi haya hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 2,000. Wengi wao hukaa miaka kabla ya kutambuliwa, na katika miaka hiyo huitwa wavivu.

Na kuanguka kwa kicheko, kunatoka wapi? Mwaka 1953 mjini Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba aliyelala hupitia vipindi ambavyo macho yake huzunguka upesi chini ya kope, ubongo wake ukifanya kazi karibu kama wa aliye macho, na akiamshwa hapo husimulia ndoto. Baadaye Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, alionyesha kwa paka kwamba katika vipindi hivyo misuli ya mwili hulegezwa, isipokuwa ya macho na ya kupumua. Alipoiharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo inayoamrisha ulegevu huo, paka aliinuka akiwa usingizini akawinda kitu asichokiona mtu. Ulegevu huo basi ni rehema. Lau si huo, aotaye anakimbia angeamkia uwanjani.

Mtu wa kawaida hufika kwenye vipindi hivyo baada ya kama saa moja na nusu ya usingizi. Aliyekosa oreksini huweza kuvifikia chini ya dakika 15, na mbaya zaidi, vipande vya hali hiyo humjia naye yu macho. Furaha kubwa, kicheko, mshangao, hufungua ile amri ya ulegevu peke yake, bila usingizi. Mwili huanguka, akili haianguki. Matabibu wameiita hali hii katapleksi. Anayepatwa nayo husikia na kufahamu, hatoki povu, hajing'ati ulimi, na kwa hayo hutofautiana na mwenye kifafa.

Hapo ndipo anapoingia yule mtu mweusi wa mlangoni. Waswahili tumemjua zamani tukamwita jinamizi. Akili imezinduka, au haijalala bado, na ndoto imekwisha kufunguka, na ulegevu wa ndoto umeshika mwili. Mtu huyaona ya ndotoni ndani ya chumba chake mwenyewe, kifua kizito, sauti haitoki. Huwapata hata wenye afya, hasa waliokosa usingizi siku kadhaa au waliolala chali. Kwa mwenye narkolepsi huwa ni mgeni wa mara kwa mara.

Najua nyanya atauliza: je, Maalim anakataa majini? Sikatai, ni katika imani yetu. Ninalolikataa ni kumpa jini kazi ya oreksini. Binti asome adhkari zake za kulala, hilo ni jema kwake kama lilivyo jema kwetu sote. Lakini mganga anayemwekea ngoma na moshi mtoto ambaye furaha na mshtuko ndivyo vinavyomwangusha, ataona anaanguka kila apigapo, na kila muanguko ataudai kuwa ni ushahidi wa pepo wake, na bei itapanda.

Mama aliniuliza pia juu ya swala, na swali lake lilikuwa na machozi ndani yake, kwani binti aliambiwa kwamba anayepitwa na Alfajiri mara kwa mara ni mnafiki. Nilimkumbusha kisa kilichomo katika Sunan ya Abu Daud, cha mke wa Sahaba Safwan bin Muattal aliyemshitaki mumewe kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba haswali Alfajiri mpaka jua limechomoza. Safwan akajieleza kuwa ni watu wa nyumba inayojulikana kwa uzito wa usingizi. Mtume hakumkemea wala hakumwita mnafiki. Alimwambia aswali pindi aamkapo. Bila shaka kisa hiki hakimfai anayekesha na michezo ya simu. Kinamfaa aliyezidiwa.

Na juu ya udhu, mafakihi wetu wa Kishafii waliona mbali. Walipambanua baina ya lepe na usingizi wenyewe, wakaweka alama: anayesikia maneno ya waliopo, hata asipoyafahamu, hajalala, na anayeona ndoto, huyo amelala. Binti akisinzia naye ameketi, makalio yametulia imara juu ya mswala, udhu wake haukutenguka. Akianguka kwa kicheko huku asikia na kufahamu, akili haikuondoka, basi kuanguka kwenyewe si kitenguzi.

Nilimwambia mama mambo ambayo naona yafaa kila nyumba iyajue. Kwanza aziondoe sababu za kawaida: upungufu wa damu, ambao huwapata mabinti wengi wenye hedhi nzito, kukoroma na kupumua kwa kinywa usiku, ambako huharibu usingizi hata ukiwa mrefu, na dawa za mafua. Malale yanayoenezwa na mbung'o ni maradhi mengine kabisa, huja na homa na kudhoofika, wala mtu haangushwi na kicheko. Kisha aandike kwa siku 14 saa ya kulala, saa ya kuamka, kila alipopitiwa, na kila alipoanguka na alikuwa akifanya nini. Na binti akianguka, mmoja wa nyumbani amchukue picha ya video, kwani daktari haelekei kuliona tukio hilo kwa macho yake. Karatasi hiyo na video ndiyo mizigo ya kumbebea daktari wa mishipa ya fahamu. Kipimo chenyewe ni cha kulala usiku mmoja vyuma vidogo vikiwa vimebandikwa kichwani, na kesho yake kupewa nafasi nne au tano za kulala dakika 20, baada ya kila saa mbili, ili ionekane hulala upesi kiasi gani na ndoto humjia baada ya muda gani.

Seli zilizokufa hazijapata bado dawa ya kuzirudisha, na mama alipolisikia hilo alinyamaza kitambo. Ziko dawa za kumsaidia kuwa macho na nyingine za kupunguza kuanguka, naye daktari ndiye wa kuzichagua. Usingizi mfupi wa mchana uliopangwa, robo saa au dakika 20, humpa mgonjwa saa kadhaa za utulivu. Mpaka hapo atakapotibiwa, binti asikae peke yake mbele ya karai la mafuta moto la kukaangia bajia, asiogelee bila mtu wa kumwangalia, na mlango wa bafu asiufunge kwa komeo.

Tulipokuwa tukiagana mama alinieleza jambo ambalo hakulisema mwanzo, pengine kwa kuona ni dogo. Tangu mwezi wa Shaaban binti haketi tena na wenziwe. Arusini hujitenga jikoni na watu wazima, na kaka zake wakianza mzaha huinuka akaenda chumbani. Mama alidhani ni haya ya kubaleghe. Nikamwambia amuulize kwa upole. Aliulizwa usiku ule ule, akajibu kwamba anaogopa kucheka.

Fedha za mganga zimekwenda kwa daktari, na siku ya kipimo imekwisha kupangwa. Nilikwenda kuzungumza na maalim wake, kijana mwema, ambaye alisikiliza huku akitazama chini kama nilivyotazama mimi mbele ya mama wa yule mvulana. Siku ya pili alitandika mkeka nyuma ya darasa, kando ya dirisha, na binti ana ruhusa ya kujinyoosha hapo robo saa baada ya somo la kwanza. Wenziwe wameambiwa kwamba akianguka kwa kicheko wasipige kelele wala wasimvute mikono. Wamkinge kichwa, wakae naye, wamngojee.